Inkishafi, msikiti wa Kilwa na taarabu: tunalinganisha nini hasa?

Wanafunzi wangu wa fasihi wakiambiwa walinganishe shairi na jengo, hukimbilia hisia: vyote viwili vinahuzunisha, vyote vinapendeza. Huko hatufiki mbali. Mimi huanza na swali kavu: ni kitu gani kinajirudia, na kinakatizwa na nini?

Chukua utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya kwanza hushiriki kina kimoja, na kina hicho hubadilika ubeti hadi ubeti. Wa nne huishia kwa -ye, tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Kwa hiyo msikilizaji hajui ubeti mpya utapita wapi, ila anajua utatua wapi. Mshairi anapotupitisha katika majumba ya mji wa Pate yaliyobaki magofu, ambako madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopambwa sahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege na bundi anakoroma ndani, ile -ye inakuja vilevile, kwa wakati wake. Maskani yamevunjika, utaratibu wa ubeti haujatikisika. Kwangu mimi, ukali wa utenzi huu uko hapo kuliko kwenye huyo bundi.

Sasa ingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Sehemu ya kaskazini ni ya karne ya 11. Upande wa kusini uliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Katika nyongeza hiyo, nguzo nne hubeba kipande chao cha paa, kisha nne zinazofuata hubeba chao: hapa kuba, pale tao refu. Hiki ndicho kipimo kinachojirudia, na safu zote zinaelekea kibla. Tofauti ni kwamba utenzi unakushika kwa zamu, ubeti baada ya ubeti. Msikitini unageuka tu, ukaiona safu nzima kwa mara moja. Na pale paa lilipoporomoka, jicho hulijaza lenyewe kwa kutazama la jirani.

Taarabu ya Zanzibar, ile ya vikundi vya zamani kama Ikhwani Safaa kilichoanza 1905, iko katikati ya hivyo viwili: inakuja kwa zamu kama utenzi, ila inakuachia nafasi ya kutazama nyuma. Mwimbaji akimaliza ubeti, ala za fidla, kanuni na udi hushika nafasi kabla ya ubeti unaofuata, nawe unapata muda wa kukitafuna kijembe.

Kwenye picha, swali langu linachechemea. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, mara nyingi aliweka mnyama mmoja akijaza ubao, nyuma yake rangi tupu. Madoa ya chui yanajirudia, ndiyo, lakini hakuna anayeyahesabu wala anayesubiri doa linalofuata. Hapo nauliza jingine: mnyama amebakiziwa nafasi kiasi gani hadi kwenye ukingo wa ubao?