Hadiwea si mtoto wa kompyuta

Dhana: Neno hadiwea lilianzia kwenye kompyuta, wauza saruji wakaliazima.
Ni kinyume chake. Kiingereza kilikuwa nalo, "hardware", tangu karne ya 15, likiwa na maana ya bidhaa ndogondogo za chuma: bawaba, kufuli, misumari. Muuzaji anayekupimia kilo moja ya misumari ya inchi 4 yuko karibu na maana ya kwanza kuliko fundi wa kompyuta. Wataalamu wa kompyuta walilichukua miaka ya 1940, kuita vifaa vya mashine vinavyoshikika. Mwaka 1958 mwanatakwimu Mmarekani John Tukey akaandika kwamba "software", yaani programu, ina umuhimu usiopungua ule wa "hardware", yaani vali, transista, nyaya na tepu za mashine.

Dhana: "Wea" ni ile ya kuvaa.
Matamshi yetu hayatofautishi "ware" na "wear", ndiyo maana baadhi ya vibao vya maduka huandikwa "Hardwear". "Ware" ni bidhaa, na ndiyo iliyomo kwenye "warehouse", ghala. Kwa hiyo hadiwea ni bidhaa ngumu. Kwetu duka la hadiwea limebeba hata rangi, saruji na mabomba ya plastiki. Huko ni kupanuka kwa maana, wala si kosa.

Dhana: Maunzi ni tafsiri ya kila hadiwea.
Maunzi, kutoka kitenzi unda, ni neno zuri na linastahili kutumika zaidi, ila limekaa upande wa kompyuta. Nondo na mabati hayanunuliwi duka la maunzi.

Dhana: Kompyuta isipofunguka, hadiwea imekufa.
Usinunue kitu kabla ya kupima. Washa mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine wa uendeshaji. Ikifunguka na kufanya kazi vizuri, bodi, prosesa (kichakata cha kompyuta) na RAM (kumbukumbu yake ya muda) huenda ni nzima. Shuku diski au mfumo uliomo. Ikilia mlio wa onyo na skrini kubaki nyeusi, mara nyingi RAM haijakaa sawasawa au meno yake, sehemu za chuma zinazoingia kwenye bodi, yana uchafu. Zima, chomoa umeme (na betri, kama ni laptopu ambayo betri yake hutoka), kisha gusa chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini. Toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki yote, uirudishe mpaka vibanio vilie "ta".