Québec haikujengwa na Louis Hébert peke yake

Wengi husimulia kuwa mkulima wa kwanza Mfaransa huko Québec, mji wa koloni ya Wafaransa katika Kanada ya leo, ni Louis Hébert, mfamasia wa Paris, na kwamba mkewe na watoto walimfuata tu. Hilo la kumfuata tu si kweli. Familia ilifika pamoja mwaka 1617, na Hébert alifariki Januari 1627, miaka kumi tu baadaye. Mwaka uliofuata ndipo plau ilipoanza kutumika pale. Kabla ya hapo ardhi ililimwa kwa mikono, na mikono ya mkewe, Marie Rollet, ilikuwemo.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1629, Wafaransa wengi waliondoka. Marie alibaki shambani na jamaa zake hadi Ufaransa iliporudishiwa koloni mwaka 1632. Aliishi hadi 1649.

Binti yake, Guillemette, aliolewa na Guillaume Couillard mwaka 1621. Alipofiwa na mumewe, ndiye aliyemuuzia Askofu Laval ardhi ya familia mwaka 1666, na hapo ikajengwa Seminari ya Québec. Mabinti zake nao waliolewa. Mmoja, Marguerite, na mvumbuzi Jean Nicolet.

Tusiwapambe, hata hivyo. Walowezi hawa walikaa katika ardhi ambayo wenyeji, Wainnu wakiwemo, waliitumia tangu zamani. Na nyumbani kwa Guillemette alikuwemo mtumwa, mvulana wa Kiafrika aliyetajwa kuwa ametoka Madagaska. Mvulana huyo alibatizwa mwaka 1633, akajulikana kwa jina la Olivier Le Jeune.