Je, samaki wa tangini anaweza kuishi bila ya filta?

Pwani ya Makunduchi, maji yakishakupwa, hubaki vidimbwi kwenye mwamba na samaki wadogo ndani yake, wazima, wanangoja maji yajae. Filta, ile mashine ya umeme ya kusafisha maji, hawana. Mbona basi ukiwatia samaki kwenye tangi la kioo sebuleni, wiki haijesha wanaelea?

Kinachowaua hakionekani. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, usiku na mchana, hata maji yakiwa meupe kama ya kunywa. Chakula kilichobaki chini kikioza, amonia huzidi. Wapo bakteria wanaokaa kwenye mawe, mchanga na kioo ambao huigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu. Wengine huigeuza hiyo kuwa nitreti, ambayo samaki huistahamili zaidi. Kazi kubwa ya filta ni hiyo: sponji lake ni nyumba ya bakteria. Katika tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 mpaka watoshe.

Kwa hiyo bila ya filta inawezekana, lakini kazi yake lazima ifanywe na mtu. Tangi la lita 40, gapi (samaki wadogo wa mapambo) wanne tu, majani ya maji mengi yaliyo hai (nayo hula amonia na nitreti), chakula kidogo, na kila wiki unatoa robo ya maji na kutia mapya. Usibadilishe yote kwa mpigo. Maji ya bomba yenye klorini yalaze siku nzima kwenye ndoo wazi.

Kwetu Unguja kuna jambo jengine. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Itazame ile chokaa iliyoganda ndani ya birika la chai. Gapi huyapenda, lakini katika maji ya namna hiyo, tena ya joto, amonia huwa kali zaidi. Na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Samaki aina ya beta huvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana watu humtia kwenye chupa ya jemu. Naumia nikiona hivyo, kwani amonia humuunguza yeye pia. Goldifishi msimjaribu kabisa bila ya filta. Uchafu wake ni mwingi mno.

Hata mwenye filta ajifunze haya. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi. Filta ikizimika, maji hayapiti tena kwenye sponji, na bakteria waliomo huanza kufa kwa kukosa oksijeni.

Watazame samaki wako alfajiri, kwani usiku majani nayo hutumia oksijeni. Ukiwakuta wote juu wanatweta, midomo imegusa hewa, badilisha robo ya maji kabla hujanywa chai.