Fayansi si poselini ya bei poa

Sahani yoyote ya kale kutoka Ufaransa, mradi iwe nyeupe na ing'ae, huitwa poselini. Na wanaolijua neno fayansi, wengi hulieleza kuwa ni poselini ya bei poa, ya wasio na uwezo. Sivyo kabisa.

Fayansi ni udongo wa kawaida wa mfinyanzi uliochomwa, ukapakwa ganda la kioo lenye madini ya stani, yaani bati, kisha ukachomwa tena. Weupe ni wa stani. Chini yake udongo una rangi yake. Poselini halisi ina kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi, huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,400, na ni nyeupe mpaka ndani. Tazama mahali palipomeguka, utaona tofauti.

Jina limetoka Faenza, mji wa Italia, maana Waitaliano ndio walioupeleka ufundi huu Ufaransa katika karne ya 16, wakaufanyia kazi katika miji ya Lyon na Nevers. Kaolini ya Ufaransa yenyewe ilikuja kugunduliwa mwaka 1768, Saint-Yrieix karibu na Limoges. Kabla ya hapo hata kiwanda maarufu cha Vincennes, kilichohamia Sèvres mwaka 1756, kilitengeneza poselini laini, ya kuiga ile halisi, isiyo na kaolini. Na kuhusu uwezo: mwaka 1709 mfalme Louis XIV alihitaji pesa za vita, vyombo vya fedha vikayeyushwa, na mabwana wakubwa wakaanza kula kwa vyombo vya fayansi vya mji wa Rouen na kwingineko.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuiita poselini kunaufuta ufundi wenyewe. Katika njia iitwayo moto mkubwa, mchoraji huchora juu ya ganda ambalo bado ni unga mkavu. Unga hunyonya rangi papo hapo, kama chaki inyonyavyo wino, kwa hiyo hakuna kufuta. Tena rangi zinazostahimili tanuri hilo ni chache: buluu ya kobalti, zambarau ya manganizi, njano ya antimoni, kijani cha shaba. Rangi ya waridi iliyokolea ilihitaji njia nyingine, moto mdogo, ambayo Paul Hannong, mwenye kiwanda cha fayansi, aliitumia mjini Strasbourg katikati ya karne ya 18: kuchora juu ya ganda lililokwisha kuiva, kisha kuchoma tena kwa joto la chini.

Kwa hiyo sahani ya Rouen au ya Moustiers, mji mwingine wa ufundi huu, iitwe fayansi, tafadhali. Ya Limoges ndiyo poselini.