Kwizi ya mtandaoni haiwezi kukwambia unavutiwa na nani

Swali linalokuja sana kwenye kitengo chetu cha afya ya akili, na mara nyingi linatumwa usiku wa manane, ni hili: "Dokta nimefanya kwizi imeniambia mimi ni shoga asilimia 62, ni kweli? Nifanyeje?" Nijibu kabisa kabla sijaenda mbali. Hapana, siyo kweli, na wala siyo uongo, maana hiyo 62 haijapima kitu chochote. Hakuna kwizi, iwe ya maswali 10 au 100, inayoweza kukutambulia mwelekeo wako wa kimapenzi.

Angalia zinavyotengenezwa. Mtu anakaa na laptop yake anaandika swali, mfano "ukiambiwa uangalie kucha zako, unanyoosha vidole au unavikunja?", halafu anaamua yeye mwenyewe kwamba kunyoosha ni pointi 10 na kukunja ni sifuri, swali la pili rangi unayoipenda, la tatu muziki, la nne kama umewahi kumsifia mtu wa jinsia yako kwamba kapendeza. Mwishoni programu inajumlisha, ukizidi 60 unaletewa ujumbe huu, ukiwa chini unaletewa ule. Basi. Zile pointi hazikutoka kwenye utafiti, ni maneno ya vijiweni kuhusu mwanaume anatakiwa aweje na mwanamke aweje, wakati namna mtu anavyokaa, anavyotembea au anavyoongea haisemi moyo wake unamwendea nani. Na zile kwizi zinazouliza waziwazi unavutiwa na nani zinakurudishia kile kile ulichojaza, ukibadilisha majibu kesho na matokeo yanabadilika.

Sasa mbona inakuwa kama imekupatia? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, halafu kila mmoja akapewa maelezo "yake", kumbe wote wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. Wakaulizwa yanawafaa kiasi gani kati ya 0 na 5, wastani ukatoka 4.26. Binadamu tuko hivyo, ukiambiwa "kuna upande wako ambao watu hawaujui" lazima utajiona humo.

Wengine wanatuambia mimi nimefanya kipimo cha Kinsey, hicho si cha kisayansi? Kipimo cha Alfred Kinsey, Mmarekani aliyetafiti tabia za kimapenzi, kilichapishwa 1948, kinaanzia 0 kwa anayevutiwa na jinsia nyingine tu hadi 6 kwa anayevutiwa na jinsia yake tu, lakini Kinsey hakuwa na fomu ya kujaza, wahojaji wake walikuwa wanakaa na mtu wanamsikiliza historia yake kwa kirefu ndipo wanampa namba. Hizo za mtandaoni zimetungwa na watu wengine zikavalishwa jina lake. Baadaye, 1978, daktari wa akili Fritz Klein akaona hata namba moja haitoshi, akatenganisha mvuto, matendo, ndoto za kimapenzi, mapenzi ya moyoni, mtu anavyojiita na mengine, na kila kimoja akakiuliza kwa wakati uliopita, wa sasa na kile mtu angependa kiwe. Na yote hayo anayejibu ni mhusika mwenyewe, hakuna siri inayofukuliwa.

Waliojaribu kufukua walishindwa. Serikali ya Canada miaka ya 1960 iligharamia mashine ya kutazama mboni za macho za watumishi wa umma ili iwabaini mashoga, haikufanya kazi ikaachwa. Hata vinasaba, utafiti wa karibu watu laki 5 uliotoka 2019 haukupata jeni moja inayoamua, na watafiti walisema wazi huwezi kupima DNA ya mtu ukatabiri anavutiwa na nani.

Kinachonitia wasiwasi mimi zaidi ni majibu yako yanaenda wapi. Kwizi moja ya tabia iliyowekwa Facebook ilijazwa na watu kama laki 2 na elfu 70, lakini ilichota na taarifa za marafiki zao, na mwaka 2018 Facebook yenyewe ikasema walioguswa huenda wanafika milioni 87. Sasa fikiria kwizi inayokuuliza mambo ya chumbani, inataka uingie kwa akaunti yako yenye jina na picha, na mahali ulipo kuandika hivyo tu kunaweza kukupotezea kazi, kukufukuzisha nyumbani au kukupeleka polisi. Kama inataka akaunti, namba ya simu au orodha ya marafiki, ifunge.

Na wewe unayerudia kwizi usiku kucha ukitafuta uhakika, ukipata jibu unatulia nusu saa halafu hofu inarudi, nakuomba uache hata leo, kwa sababu kule kurudia ndiko kunakoilisha hofu. Inaweza kuwa ni aina ya wasiwasi unaojirudia, OCD, unatibika, na mtaalamu anatibu ile hofu, siyo mwelekeo wako. Mwelekeo wenyewe siyo ugonjwa, Shirika la Afya Duniani liliutoa kwenye orodha ya magonjwa tangu 17 Mei 1990, na mtu akikwambia ana dawa ya kuubadilisha usimpe hela yako. Kujijua kunaweza kuchukua miezi au miaka na hakuna anayekudai jibu wiki hii. Ukitaka kuongea, mtafute mshauri anayetunza siri, na kabla hujamweleza lolote muulize kwanza mazungumzo yenu anayaandika wapi na nani mwingine anayasoma.