Gari la kuchinja halitoi injini peke yake

Wengi wanaojiundia gari nyumbani hudhani gari la kuchinja, yaani gari kuukuu linalovunjwa ili vipuri vyake viunde gari jipya, ni la kutoa injini na giaboksi tu, basi hushika grainda na kukata kila kinachowazuia. Kosa hilo ni ghali mno.

Chukua Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa 1989, ambayo mafundi wa nyumbani Uingereza huipenda sana. Bodi hata ikiliwa na kutu chini ya milango, si neno. Inakwenda kwenye chuma chakavu. Unachokitaka ni difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu), suspensheni, breki, usukani, pedali, na ile boriti ya alumini inayounganisha giaboksi na difu.

Lakini roho ya kazi, kwangu mimi, ni nyaya. Usikate hata moja! Chomoa kila plagi kwa mkono, ibandike karatasi uliyoiandika "taa ya kulia" au "pampu ya mafuta", piga picha, ndipo uvute mkungu wote mzima. Ukishakata, utapoteza wikendi kadhaa ukifuata waya mmoja mmoja kwa kipima umeme. Bolti nazo zirudishe kwenye matundu yake palepale.