Hiyo "ndege ya plastiki" mnayoiogopa

Mjomba wangu alikuwa anaenda Mumbai kutibiwa goti, siku mbili kabla ya safari akanitumia voisi ya dakika nne. Goti lilichukua nusu dakika hivi, zilizobaki zote ni ndege. Kuna mtu karusha video kwenye grupu la ukoo inasema Dreamliner ni ya plastiki tupu, ikigonga chini inapasuka kama yai. "Mjomba, wewe si ndo unazitengeneza hizo, niambie ukweli, nipande nisipande?"

Nikamwambia panda. Ila jibu lenyewe ni refu, na siyo yeye peke yake anayeniuliza, kwa hiyo acha niliweke hapa.

Tuanze na hilo neno plastiki, maana siyo uongo kabisa na ndo maana linasumbua. Boeing 787, ndo hiyo Dreamliner, karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti, Airbus A350 imezidi kidogo hapo. Kompoziti ni nyuzi za kaboni zilizoloweshwa resini, gundi fulani kali sana, zinapangwa tabaka juu ya tabaka, hili limeelekea huku lile limelala mshazari, halafu zinafungiwa kwenye mfuko unaonyonywa hewa na kuokwa kwenye oveni ya presha, joto la karibu digrii 180. Kabla ya kuokwa malighafi yake inakaa kwenye friza kama samaki, ukiisahau nje inaanza kukomaa yenyewe. Watu wa pwani mnazijua boti za faiba, basi hii ni binamu yake aliyesoma sana.

Faida yake ni wepesi, haili kutu, na haichoki haraka kama alumini inavyochoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa kila safari. Watu wanasahau historia ya bati. Mwaka 1988 kule Hawaii, 737 ya Aloha Airlines, ya alumini, ilibanduka paa ikiwa angani baada ya kuruka karibu mara elfu 90, mhudumu mmoja akavutwa nje na hakuonekana tena. Sikumbuki mtu aliyeanza kuziita "ndege za sufuria".

Sasa ubishi wenyewe. Ulichemka 2007, kabla 787 haijaruka hata mara moja, pale injinia wa zamani wa Boeing, Vince Weldon, alipotokea kwenye kipindi cha mtangazaji wa Marekani Dan Rather akasema bodi ya kompoziti ikianguka vibaya itavunjika vipande badala ya kukunjika kama alumini, na ikiungua itatoa moshi wa sumu utakaoua watu ambao wangepona. Boeing wakakataa. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaweka masharti maalum kwamba abiria wa ndege hii wawe na nafasi ya kupona isiyopungua ile ya ndege za alumini, na Boeing wakaangusha kipande kizima cha bodi kwa makusudi ili kupima. Binafsi naona maswali ya Weldon yalikuwa ya haki, mtu wa ndani akiuliza swali gumu kabla abiria hawajapanda hapo ndo mahali pake.

Kuhusu moto, mfano mkubwa tuliupata Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. A350 ya Japan Airlines ilitua ikaigonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani, watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo wakafariki, lakini ndani ya A350 mlikuwa na watu 379 na wote walitoka. Wote. Kumaliza kuwatoa kulichukua kama dakika 18, muda mrefu sana kwa ndege inayowaka. Alumini inayeyuka ikifika kama digrii 660, ila kaboni haiyeyuki hivyo, resini inaungua inageuka mkaa na yale matabaka yanakuwa kama ukuta kwa muda. Wahudumu ndo waliookoa watu, hilo tusiwanyang'anye, lakini ukuta nao ulisimama. Baadaye ndege iliteketea karibu yote, hata hilo nalisema, kompoziti siyo kwamba haiungui.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu. Julai 2013 ile 787 ya Ethiopian iliyopewa jina la Malkia wa Sheba ilishika moto ikiwa imepaki Heathrow, London, haina mtu. Chanzo kilikuwa betri ya lithiamu ya kile kifaa kinachopiga ishara ndege ikianguka, nyaya zake zilibanwa. Moto ukala kipande cha paa kwa nyuma, watu wakasema hiyo basi tena, ni skrepa. Ikatengenezwa, ikarudi kazini.

Na kuna ile ya New York, Novemba 2001, A300 ya American Airlines, safari namba 587, iliyokatika mkia ikaua watu 265. Mkia ulikuwa wa kompoziti, kwa hiyo watu walishapata jibu kabla ya uchunguzi. Wachunguzi walikuta rubani msaidizi alikanyaga pedali za usukani wa mkia kulia kushoto kulia kushoto kwa nguvu, mpaka mkia ukabeba mzigo uliozidi hata kile kiwango cha juu ambacho sheria inautaka ubebe.

Mimi mwenyewe sasa naogopa nini? Mimi ni fundi wa strakcha, yaani bodi, mabawa, milango, na ninachoogopa ni kigari cha mizigo.

Ukigonga alumini inabonyea. Unaona, kila mtu anaona, hata mpita njia. Kompoziti inaweza kupigwa ikarudi ilivyokuwa, rangi inang'aa, halafu ndani matabaka yameachana, kama plaiwudi iliyoingia maji, juu nzuri ukiikata ni makaratasi. Ndege inasanifiwa ibebe madhara madogo yasiyoonekana bila shida, hilo limepimwa, ila pigo la gari zima ni habari nyingine.

Kuna usiku mmoja nazunguka ndege na tochi, karibu na mlango wa mizigo nikaona alama nyeusi ya mpira, ndogo kama kidole gumba. Hakuna kubonyea, ukipitisha kiganja ni laini kabisa. Nikauliza waliokuwa wanapakua, kimya, kila mtu anaangalia viatu. Nikatoa sarafu nikaanza kugonga, tik tik tik, vile mama anavyogonga chungu sokoni kabla hajakinunua, na pale kwenye alama mlio ukabadilika, ukawa tuk, mzito, umekufa. Tukaleta mashine ya ultrasaundi (ndiyo, hiyo hiyo ya kuangalia mtoto tumboni, kanuni ni moja) na ndani kulikuwa na eneo limeachana upana wa kiganja changu. Safari ikaahirishwa, abiria wakatutukana vizuri tu. Dereva alikuja kusema asubuhi, anatetemeka. Pale alipokuwa anafanya kazi, kampuni siitaji, ukigonga ndege unakatwa mshahara, kwa hiyo alipiga hesabu akaona hakuna kilichobonyea, kumbe hesabu yake ilikuwa ya ndege za zamani.

Hilo ndilo ningependa watu walibishie. Hata ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilipoichambua kompoziti mwaka 2011, ilichotaja ni uchache wa taarifa jinsi inavyofanya kazi miaka ikienda, namna za kuitengeneza zisizofanana, na mafunzo kwa wanaoigusa. Na 2024 injinia wa Boeing, Sam Salehpour, aliposimama mbele ya Seneti, hoja yake kubwa ilikuwa viunganishi vya bodi ya 787, kwamba mianya haijajazwa sawasawa. Mwanya unaoruhusiwa ni kama milimita 0.13, unene wa karatasi. Boeing walikanusha hatari aliyoisema, ingawa miaka michache kabla ya hapo wenyewe walikuwa wamesimamisha kukabidhi 787 kwa muda mrefu kwa sababu ya mianya hiyo hiyo. Hapo ubishi uendelee, tena kwa sauti.

Mjomba alifika Mumbai salama. Voisi ya kwanza nikajua ni goti, kumbe analalamika dirisha halina kile kipazia cha kushusha, kuna kitufe tu, amekibonyeza mpaka kioo kikawa bluu akaogopa ameharibu ndege ya watu.